SOMO LA MWEZI: Daktari wa Nini? Vipimo vya Mapendeleo na Tabia kwa Vijana Wanaosomea Afya

Katika matoleo yaliyopita tulijifunza kuhusu malaria, maji safi na chanjo. Somo la leo ni tofauti kidogo, lakini nalo ni la afya, kwa sababu linahusu watu watakaotutibu kesho.

Ukiwauliza watoto wa darasa la saba hapa kambini wanataka kuwa nani, wengi watajibu neno moja: daktari. Ukiuliza tena, "Daktari wa nini?", wananyamaza. Si kosa lao. Wanachokiona kwenye kituo cha afya ni mtu mwenye koti jeupe anayeandika dawa, basi.

Lakini swali hilo la "wa nini?" linawasumbua hata wanafunzi ambao tayari wako ndani ya vyuo vya udaktari, iwe hapa Uganda au Ulaya na Marekani. Mtu anaweza kusoma miaka mingi bila kujua kama anafaa kuwa mpasuaji, daktari wa watoto, wa magonjwa ya akili au wa maabara. Kwa hiyo katika nchi kadhaa vyuo vimeanza kutumia vipimo maalumu vya kumsaidia mwanafunzi ajijue kabla ya kuchagua.

Katika somo hili tutaangalia mambo manne:
- Vipimo hivyo ni nini na vilitoka wapi.
- Vyuo vya udaktari vinavitumiaje.
- Vinaaminika kiasi gani.
- Sisi tunaoishi kambini tunaweza kuchukua nini humo bila kulipa hata shilingi moja.

1. Kwa nini mwanafunzi wa udaktari ahitaji kuongozwa?

Udaktari si kazi moja, ni kazi nyingi ndani ya jina moja. Mpasuaji anasimama saa nyingi, mikono yake inafanya kazi, na mgonjwa wake amelala usingizi wa dawa. Daktari wa magonjwa ya akili anakaa, anasikiliza, na wakati mwingine anangoja wiki nyingi kabla ya kuona mabadiliko. Daktari wa patholojia anatazama vipande vya nyama ya mwili kwenye hadubini na anaweza kumaliza siku bila kuonana na mgonjwa hata mmoja. Wote hawa waliingia kwa mlango uleule wa chuo.

Hapa Uganda masomo ya udaktari huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Anayetaka ubingwa anaongeza miaka mingine, kwa kawaida 3. Nchini Marekani mtu husoma kwanza digrii ya kawaida, kisha miaka 4 ya udaktari, kisha miaka 3 hadi 7 ya kujifunza ubingwa hospitalini. Huko kuna mfumo wa taifa, ulioanza mwaka 1952, unaowalinganisha wahitimu na hospitali. Mhitimu anaorodhesha nafasi anazozitaka, hospitali nazo zinaorodhesha watu zinaowataka, na mwezi wa tatu kila mmoja anapata jibu lake.

Sasa fikiria mtu aliyechagua fani kwa sababu rafiki yake ameichagua, au kwa sababu inalipa vizuri. Baada ya miaka miwili anagundua kwamba kazi yenyewe haimpendezi hata kidogo. Ama ataanza upya, ama ataendelea kwa shingo upande. Na anayefanya kazi kwa shingo upande, mgonjwa humtambua mara moja.

2. Vipimo hivi vilitoka wapi?

Mwanzo wake ni katika mji wa Boston, Marekani. Mwaka 1908 bwana mmoja aitwaye Frank Parsons alisaidia kufungua ofisi ya kuwaongoza vijana wanaotafuta kazi. Wengi wao walikuwa maskini, na baadhi walikuwa wahamiaji waliotoka nchi nyingine. Alifariki mwaka huohuo, na kitabu chake kilichapishwa mwaka 1909. Fundisho lake ni rahisi: kwanza jijue mwenyewe, pili ijue kazi, tatu pima kwa akili jinsi hayo mawili yanavyokutana. Mpaka leo vipimo vingi vimesimama juu ya mawe hayo matatu.

Mwaka 1927 Edward Strong, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford, alitoa dodoso la mapendeleo. Hakumuuliza mtu, "Unataka kuwa nani?" Alimuuliza kama anapenda au hapendi mambo mengi madogomadogo. Kisha majibu yale yakalinganishwa na majibu ya watu ambao tayari wako kwenye kazi fulani. Kama unayoyapenda yanafanana na yale wanayoyapenda madaktari, basi huenda utajisikia nyumbani katikati yao.

Baadaye akaja John Holland. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa jeshini, kazi yake kuwahoji askari wapya kuhusu kazi walizowahi kufanya. Aliona kwamba historia za watu wengi zinaangukia katika mafungu machache. Mwaka 1959 alichapisha nadharia yake, ambayo baadaye ilijulikana kwa mafungu sita. Tutayaona hapa chini.

Aina nyingine ni vipimo vya tabia ya asili, ambayo wasomi huiita haiba. Kinachojulikana zaidi ni cha Myers-Briggs, kilichotengenezwa na mama na binti yake, Katharine Briggs na Isabel Briggs Myers. Kinamweka mtu katika mojawapo ya aina 16. Kwa mfano, kinauliza kama unapata nguvu ukiwa na watu au ukiwa peke yako, na kama unapenda mambo yaliyopangwa mapema au yanayokuja yenyewe.

Hapa tutofautishe maneno manne, maana watu wengi huyachanganya:
- Mapendeleo ni yale unayoyafurahia.
- Uwezo ni yale unayoyaweza. Mtu anaweza kuupenda mpira na bado asijue kuupiga.
- Haiba ni namna yako ya kawaida ya kuwa na watu na kufanya mambo.
- Thamani ni yale unayoyaona ya maana maishani, kama muda wa kuwa na familia, kipato, au kuwatumikia maskini.

Kipimo cha mapendeleo hakipimi uwezo. Kipimo cha haiba hakipimi wema wa moyo. Ukishika hili, umeshika nusu ya somo.

3. Vyuo vya udaktari vinavitumiaje?

Isabel Myers alivutiwa sana na wanafunzi wa udaktari. Katika miaka ya 1950 alikusanya majibu ya wanafunzi zaidi ya 5,000 wa vyuo vingi vya udaktari nchini Marekani, na miaka kama kumi na miwili baadaye ikaangaliwa ni fani zipi walizochagua. Ilionekana kwamba aina fulani za watu huelekea zaidi fani fulani. Lakini sikiliza na upande wa pili: watu wa aina mbalimbali walipatikana katika kila fani. Kulikuwa na wapasuaji wapole na wanyamavu, na kulikuwa na madaktari wa maabara wapenda mazungumzo.

Mwaka 1999 Chama cha Vyuo vya Udaktari vya Marekani kilianzisha programu ya kuwaongoza wanafunzi wao. Ina hatua nne: kujielewa, kuzichunguza fani zilizopo, kuchagua fani, na kujiandaa kuomba nafasi ya ubingwa. Vipimo viko hasa katika hatua ya kwanza, navyo huuliza kuhusu mapendeleo, thamani na ujuzi. Mwanafunzi akishapata matokeo anashauriwa akae na mshauri wazungumze, kisha aende wodini akaone kwa macho.

Uingereza nako kulitengenezwa dodoso la madaktari lenye maswali 130. Liliyalinganisha majibu ya daktari na fani 59, kisha likatoa orodha ya zile zinazomwelekea zaidi na zile zisizomwelekea.

Angalia jambo moja. Katika programu nzuri kipimo hakitoi hukumu. Kinafungua mazungumzo. Mwanafunzi hasemi, "Karatasi imesema mimi ni mpasuaji." Anasema, "Karatasi inaonyesha napenda kazi ya mikono na matokeo ya haraka. Je, ni kweli? Ni fani gani zina mambo hayo?"

4. Mafungu sita ya Holland, kwa mifano ya kituo cha afya

1. Watu wa vitendo. Wanapenda kutumia mikono na vifaa. Wanaweza kufurahia upasuaji wa mifupa, kazi ya eksirei, au kutengeneza vifaa vya hospitali.
2. Wachunguzi. Wanapenda kuuliza "kwa nini?" na hawatulii mpaka wapate jibu. Maabara, utafiti na magonjwa ya ndani huwavutia.
3. Wabunifu. Wanapenda kutunga, kuchora na kusema jambo kwa njia mpya. Elimu ya afya inawahitaji sana: nyimbo, michezo ya kuigiza, mabango.
4. Wahudumu. Wanapenda kusaidia, kufundisha na kusikiliza. Uuguzi, ukunga, huduma ya watoto na ushauri nasaha ni mifano.
5. Waongozaji. Wanapenda kushawishi watu na kuanzisha mambo. Huweza kusimamia hospitali au kampeni za chanjo.
6. Watunza utaratibu. Wanapenda kumbukumbu sahihi na kila kitu mahali pake. Ghala la dawa, takwimu na rejista zinawahitaji.

Hakuna mtu wa fungu moja tu. Holland mwenyewe alitumia mafungu matatu yanayoongoza kwa kila mtu. Mkunga mzuri ni mhudumu, lakini pia ni mtu wa vitendo, na rejista yake ya uzazi lazima iwe safi.

5. Vinaaminika kiasi gani?

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, VHT kama tunavyoitwa hapa. Kila wiki nawapima watoto mkono kwa utepe wa utapiamlo. Kila mama hapa anaujua: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano, 12.5 na kuendelea ni kijani. Mtoto mwenye 12.4 na mwenye 12.6 wanakaribiana sana, lakini rangi zao ni tofauti.

Vipimo vya haiba vinavyowagawa watu katika makundi vina tatizo kama hilo, tena kubwa zaidi. Watu wengi wako karibu na mstari wa katikati. Leo ukijibu maswali umechoka, unaangukia upande mmoja. Baada ya wiki chache ukijibu tena, unaangukia upande mwingine. Kwa Myers-Briggs jambo hili limeonekana mara nyingi katika tafiti. Lakini kuna tofauti muhimu: rangi ya utepe inatueleza mtoto aanze tiba gani, na tiba hiyo imethibitishwa. Hakuna herufi ya haiba iliyothibitishwa kwamba inamtengeneza daktari mzuri. Hata wenye kipimo cha Myers-Briggs wanasema kisitumiwe kuchagua watu wa kuajiri.

Je, basi haiba haina maana? Inayo, lakini si kwa njia ya mkato. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata wanafunzi wa udaktari wa Ubelgiji walioanza chuo mwaka 1997. Ulionyesha kwamba tabia ya bidii na utaratibu ilizidi kuwa muhimu kadiri masomo yalivyoendelea. Wale wanaopenda kuwa na watu hawakupata faida ya alama katika miaka ya mwanzo ya vitabu, lakini miaka ya mwisho, kazi ilipokuwa ya wagonjwa, tabia hiyo iliwasaidia. Kwa hiyo kijana mchangamfu anayepata alama za wastani mwanzoni asikate tamaa, na kijana wa vitabu ajue kwamba siku ya kuzungumza na wagonjwa inakuja.

Jambo jingine: kipimo kikitumika kuamua nani apate nafasi na nani akose, watu hawasemi tena ukweli. Kila mtu atajibu anavyodhani wenye nafasi wanataka. Kipimo hiki kinafaa pale unapojibu kwa faida yako mwenyewe.

6. Tahadhari tatu kwa sisi wakimbizi

Kwanza, huwezi kupenda usichowahi kukiona. Dodoso likimuuliza msichana, "Unapenda kutengeneza mashine?", na tangu azaliwe hajaruhusiwa kushika spana, atajibu hapana. Jibu hilo ni la maisha aliyopewa, si la moyo wake. Hata Marekani jambo hili lilitokea. Dodoso la Strong lilianza kwa wanaume peke yao, mwaka 1933 likatolewa la wanawake kando, na ni mwaka 1974 tu ndipo yalipounganishwa. Kwa muda mrefu karatasi yenyewe ilimwonyesha mwanamke njia chache kuliko mwanaume. Sisi tusirudie hayo nyumbani kwetu.

Pili, jeraha si haiba. Wengi wetu tumepita vitani na njiani. Mtu asiyelala usiku, anayeshtuka kwa mlio mdogo, anayekwepa watu, akijaza dodoso ataonekana ni mtu asiyependa kuwa na wenzake. Huenda kabla ya vita alikuwa ndiye mcheshi wa kijiji. Hizo ni dalili za mateso aliyoyapata, na zinatibika. Mtu wa namna hiyo aonane kwanza na mshauri wa afya ya akili kwenye kituo cha afya. Asichague maisha yake yote kwa kufuata majibu ya wakati wa maumivu.

Tatu, jihadharini na matapeli. Mtu akikuambia ulipe pesa ufanyiwe kipimo cha kazi ndipo upate ufadhili wa masomo, usilipe. Hakuna dodoso linalofungua mlango wa ufadhili. Ukisikia jambo kama hilo, toa taarifa kwenye ofisi ya ulinzi au kwa kiongozi wa kijiji chako.

7. Zoezi la nyumbani

Zoezi hili si kipimo rasmi. Tumelitunga kwa kufuata mafungu sita, ili likusaidie kuanza kujifikiria. Chukua karatasi. Kwa kila jambo, jipe 2 kama unalipenda, 1 kama hujui, 0 kama hulipendi. Usifikirie kama unaliweza au kama linalipa.

Vitendo
a) Kufungua redio au baiskeli iliyoharibika na kuitengeneza.
b) Kufunga bandeji mpaka ikae sawasawa.

Uchunguzi
c) Kutafuta kwa nini kuhara kumezidi kijiji hiki na si kile.
d) Kutazama tone la damu kwenye hadubini.

Ubunifu
e) Kutunga wimbo wa kufundisha kunawa mikono.
f) Kuchora picha inayoeleweka hata kwa asiyejua kusoma.

Uhudumu
g) Kukaa na mgonjwa anayelia mpaka atulie.
h) Kumwelekeza mama mwenye mtoto wa kwanza jinsi ya kunyonyesha.

Uongozi
i) Kuwashawishi wazazi wanaokataa chanjo.
j) Kusimamia kikundi cha vijana wenzako.

Utaratibu
k) Kujaza rejista ndefu bila kukosea.
l) Kupanga dawa kwa tarehe ya kuisha muda wake.

Jumlisha kila fungu. Pale ulipopata 3 au 4, weka alama. Pale ulipoandika 1 mara mbili, weka alama ya kuuliza, kwa sababu huenda hujawahi kupata nafasi ya kujaribu. Alama hizo za kuuliza ni muhimu kuliko zote. Zinakuonyesha pa kwenda kuangalia.

Baada ya hapo fanya mambo matatu:

Waulize watu watatu wanaokujua. Mmoja wa nyumbani, mwalimu mmoja, na rafiki mmoja. Waulize, "Umeniona nikifurahia kufanya nini?" Usiwaonyeshe karatasi yako kwanza.

Zungumza na wafanyakazi watatu wa afya. Omba ruhusa kwa adabu, wakati wasipokuwa na foleni. Usiishie kwa daktari. Tafuta muuguzi, mkunga, mtu wa maabara, mtu wa famasia. Waulize, "Siku yako inaanzaje? Kitu gani kinakuchosha? Kitu gani kinakufanya urudi kesho?" Hilo la kuchosha ni swali kubwa. Kila kazi ina mateso yake, na inakupasa uchague yale unayoweza kuyavumilia.

Jaribu kidogo. Jitolee kwenye siku za chanjo, kwenye kikundi cha maigizo ya afya au kwenye usafi wa maji. Siku tatu za kazi zinafundisha kuliko dodoso la kurasa kumi.

8. Ijue na milango yenyewe

Parsons alisema tuijue na kazi, si nafsi tu. Hapa Uganda milango ya afya iko ya ngazi mbalimbali. Cheti cha uuguzi au ukunga huchukua kama miaka 2 na nusu. Diploma ya afisa tabibu huchukua miaka 3. Digrii ya udaktari ni miaka 5, kama tulivyosema, na husomwa katika vyuo kama Makerere, ambako mafunzo ya udaktari yalianza mwaka 1924, na Chuo Kikuu cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989 na kiko upande wetu huu wa magharibi. Masharti hubadilika, hivyo ulizia chuo chenyewe kabla ya kuomba.

Karibu milango yote hii inataka baiolojia na kemia. Kijana aliye sekondari asiyaache masomo hayo mapema bila kufikiri, maana kuyarudia baadaye ni kazi ngumu. Waliosoma Congo au Burundi wanahitaji vyeti vyao vilinganishwe na vya hapa kupitia baraza la mitihani la Uganda. Anza mapema, kwa sababu karatasi zilizopotea njiani huchukua muda kufuatiliwa.

Kuhusu ada, ufadhili unaojulikana zaidi kwa wakimbizi ni DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 na serikali ya Ujerumani pamoja na UNHCR. Waombaji ni wengi kuliko nafasi, na si kila mwaka mambo yanakuwa sawa. Uliza ofisi ya elimu kama mwaka huu nafasi zipo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi, kwa hiyo cheti utakachokipata kinaweza kukufaa hapahapa.

Kumbuka pia kwamba ngazi hupandwa. Kuna watu walioanza na cheti, wakafanya kazi, wakasoma diploma, wakaendelea. Kuanza chini si kushindwa.

Neno kwa wazazi

Mama na baba, tunajua kwa nini mnasema, "Mwanangu lazima awe daktari." Mlipoteza nyumba, mashamba, na wengine watu wenu, na elimu ya mtoto ndiyo mali msiyoweza kunyang'anywa tena. Lakini mtoto akilazimishwa njia isiyo yake, nafasi moja adimu inaweza kupotea, na nafasi hiyo haikuwa yake peke yake. Ilikuwa ya familia, na ya yule mwingine aliyeikosa.

Muulizeni mtoto mapema, na mkae kimya asikike. Kama anataka maabara badala ya udaktari, msione aibu. Bila mtu wa maabara, daktari anakisia malaria. Bila mkunga, hakuna daktari wa kuzaliwa. Mkubwa na mdogo kwenye kituo cha afya hawajulikani kwa koti, wanajulikana usiku mama anapoletwa kwa machela na kila mmoja anatakiwa kuwa mahali pake.

Mambo ya kukumbuka

- Kipimo cha mapendeleo au haiba kinakuuliza maswali. Hakikuchagulii maisha.
- Kupenda si kuweza, na kuweza si kupenda. Tafuta panapokutana.
- Usijaze dodoso ukiwa katika huzuni kubwa. Tafuta msaada kwanza.
- Usimlipe mtu yeyote kwa kipimo cha kupata ufadhili.
- Baada ya karatasi, nenda ukaone kwa macho.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Taja kazi tano za afya zisizo za udaktari. Umewahi kuzungumza na nani kati yao?
2. Kwa nini msichana na mvulana wenye vipaji sawa wanaweza kujibu dodoso tofauti?
3. Ni tabia gani ya mfanyakazi wa afya iliyokusaidia ulipokuwa mgonjwa? Je, mtu anaweza kujifunza tabia hiyo?
4. Mzazi anataka udaktari, mtoto anataka famasia. Wakae wazungumze vipi ili kila mmoja asikilizwe?

Vikundi vya vijana vinavyopenda kufanya zoezi hili pamoja wamwone VHT wa kijiji chao. Hakuna malipo. Njooni na kalamu. Tuonane toleo lijalo, afya njema kwa wote.